Kuchambua jina la prosesa: kompyuta ya okazyo kwa mwanafunzi wa isimu

Mwanafunzi wa lugha anayeandaa memwari yake leo hawezi kukwepa kompyuta. Sauti za wasemaji anazipima kwa Praat, manukuu anayaunganisha na sauti au video ndani ya ELAN, msamiati anaupanga katika FLEx, na mwishoni maandishi yote yanakusanywa katika Word au LibreOffice. Ukiitoa Word, programu hizo zote ni za bure. Kinachogharimu ni mashini yenyewe, na wengi wetu tunanunua ya okazyo: ile iliyotumika ofisini Ulaya kwa miaka kadhaa, ikapakiwa na kuja kuuzwa huku kwa bei ambayo familia inaweza kuijadili mezani bila kugombana.

Makala hii inajibu swali moja: katika mashini hizo za zamani, ipi bado inazikubali programu za sasa? Swali limekuwa zito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Anayejiandikisha anaweza kupata marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo haiingii kila mahali. Inadai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, RAM isiyopungua GB 4, disiki isiyopungua GB 64, na zaidi ya hayo yote prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo inaanzia kwenye kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Kwa hiyo mashini mbili zinazofanana kwa rangi, kwa uzito na hata kwa mikwaruzo zinaweza kulala juu ya meza moja ya muuzaji, bei zao zikiachana kidogo tu, moja ikiwa na miaka mbele yake na nyingine mlango wake umekwisha kufungwa.

Sisi wa isimu tuna bahati hapa. Tofauti ya mashini hizo mbili imeandikwa katika jina la prosesa, na jina hilo linachambulika kama tunavyochambua kitenzi.

Jina na mofimu zake

Tuchukue i5-8250U. Mwanzoni kuna kiambishi awali, i5. Hiki kinaonyesha daraja: i3 ni ya chini, i5 ya kati, i7 ya juu. Baada ya kistari inakuja tarakimu 8, nayo ndiyo kizazi. Zinazofuata, 250, zinatofautisha modeli moja na nyingine ndani ya kizazi hicho. Herufi U mwishoni ni kiambishi tamati chenye maana ya prosesa inayokula umeme kidogo. Ukikuta H au HQ mahali pake, prosesa ina nguvu zaidi lakini inakula umeme zaidi na kutoa joto zaidi. M ilitumika kwa laptopu za vizazi vya mwanzo, hadi cha 4.

Sokoni mambo yamepinduliwa. Kiambishi awali ndicho kinachotamkwa, mengine yote yanamezwa. "Yaya, hii ni i7, ile ingine ni i3 tu," muuzaji atakuambia, na bei ya i7 itapanda kwa sababu ya herufi moja na tarakimu moja iliyobandikwa karibu na kibodi. Lakini kiambishi awali kinalinganisha ndugu wa tumbo moja tu. Kinasema i7 ya kizazi fulani inaipita i5 ya kizazi kilekile. Hakisemi lolote juu ya i7 ya mwaka 2011 mbele ya i5 ya miaka sita baadaye. i7-2620M ya mwaka 2011 ina viini viwili na imekadiriwa kutumia wati 35. i5-8250U ina viini vinne na imekadiriwa wati 15. Hata i3-8130U, ambayo muuzaji anaionea aibu, imo katika orodha ya Windows 11, wakati ile i7 haimo. Kwa hiyo muulize: "Papa, namba za nyuma ni ngapi?" Akikosa jibu, omba mashini iwashwe usome mwenyewe.

Kusoma kwenyewe ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wa prosesa. Amri hiyo ni ileile hata kama Windows iliyomo ni ya Kifaransa, ya Kijerumani au ya Kiholanzi, jambo la maana kwa mashini zilizotoka Ubelgiji. Ukiandika tpm.msc utaona pia kama chipu ya TPM ipo na ni toleo gani. Usikubali kibandiko kuwa ushahidi, kwa kuwa kibandiko kinahamishika.

Kama kila lugha, sarufi hii ina sehemu zake ngumu. Kizazi cha kwanza hakina alama yoyote ya kizazi: i5-520M, ya mwaka 2010, ina tarakimu tatu tu baada ya kistari. Hiyo ni mofimu kapa iliyo wazi kuliko nyingi tulizofundishwa. Halafu, kuanzia kizazi cha 10, alama ya kizazi inakuwa na tarakimu mbili. i5-10210U haimpotezi mtu, lakini i5-1135G7 inapoteza wengi. Anayekata mofimu vibaya ataisoma kama ya kizazi cha 1 na kuiacha mezani, kumbe ni 11, kisha 35, kisha G7 inayoonyesha kiwango cha picha. Kanuni ninayoitumia ni hii: katika majina ya Core i, ukiona tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 1, soma mbili pamoja.

Vighairi navyo vipo. i7-7820HQ ni ya kizazi cha 7, lakini Microsoft iliikubali kwa mashini chache. Usijenge kanuni juu yake. Tena jina la laptopu yenyewe halitoshi. ThinkPad T480 inasifiwa kuwa ni ya kizazi cha 8, na kwa sehemu kubwa ni kweli, ila kuna T480 zilizotoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7. Vivyo hivyo kwa EliteBook 840 G5 na Latitude 7490. Zote tatu ni mashini ninazozipendekeza kwa mtu anayetaka Windows 11, na zote tatu lazima zisomwe prosesa kabla ya kulipa. Prosesa za AMD zina sarufi nyingine, isiyo na utaratibu huo wa vizazi. Kwa laptopu za Ryzen mimi huanzia mfululizo wa 3000 na kwenda juu, na bado ninaangalia orodha.

Kuna jambo moja ambalo mnunuzi akilijua atajiepusha na hasara kubwa. Kuiona Windows 11 ikifunguka vizuri mbele yako hakuthibitishi kwamba mashini inakubalika. Kuna njia za kuiingiza kwa nguvu katika mashini iliyokataliwa, na baadhi ya wauzaji wanazijua sana. Microsoft imesema wazi kwamba mashini kama hizo hazina uhakika wa kupokea masasisho. Toleo la 24H2, kwa mfano, linadai maagizo fulani ndani ya prosesa ambayo zile za zamani kabisa hazina, na hapo hila haifui dafu. Soma prosesa, hata kama skrini inapendeza.

Njia ya Linux

Je, mwenye pesa za kizazi cha 6 tu afanye nini? Asikate tamaa, na pia asinunue laptopu mpya ya bei ya chini kwa sababu tu iko ndani ya karatoni. Nyingi za hizo zina prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC ya GB 64, nayo pia imechomelewa. Upya wake unaisha mwezi wa pili, na hakuna unachoweza kuongeza. ThinkPad T460, EliteBook 840 G3 au Latitude E7470, zote za kizazi cha 6, zilijengwa kwa ajili ya watu wa ofisi: kibodi zake zinavumilia, na disiki unaweza kuibadilisha mwenyewe kwa bisibisi.

Mashini hizo zinakubali Linux bila kulalamika. Linux Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itahudumiwa hadi mwaka 2029. Inaomba RAM ya GB 2, ingawa inashauri 4, na inatosheka na disiki ya GB 20. Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ina toleo la Linux linalotoka sambamba na yale ya Windows na Mac. ELAN, ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, nayo iko. Audacity iko, LibreOffice inakuja tayari ndani. Mwanafunzi wa fonetiki au wa uchanganuzi wa mazungumzo anaweza kuifanya kazi yake nzima juu ya mashini ya mwaka 2016, kwa programu za mwaka huu, bila kuiba hata moja. Ninalitaja neno kuiba makusudi, kwa kuwa Word nyingi tunazotumia zimefunguliwa kwa programu za kuvunja kufuli, na hizo ndizo zinazotuletea virusi vinavyokula mafaili ya utafiti.

Tatizo ni FLEx. SIL iliijenga kwanza kwa ajili ya Windows, na toleo la Linux huja nyuma yake. Anayejenga kamusi peke yake anaweza kuvumilia. Anayeshirikiana na wenzake, wakipelekeana msamiati uleule, atajikuta ana toleo tofauti na lao. Kwa hiyo uamuzi unatoka katika somo la memwari, hautoki katika mapenzi ya mashini. Kwa leksikografia ya kikundi, ongeza pesa ufike kizazi cha 8. Kwa fonetiki, fonolojia au mazungumzo, chukua kizazi cha 6, na kiasi unachobakiza kiende kwenye RAM, disiki na kinasa sauti kizuri. Najua wenzangu kadhaa hawatakubaliana nami juu ya Linux. Wanasema shefu wa kazi ataomba faili la Word. Mpe faili la docx, LibreOffice inaliandika. Ila fungua nakala moja kwenye Word ya mtu mwingine kabla ya kulituma, maana jedwali na namba za mifano hupenda kuhama.

Memwari na memwari

Kifaransa kinatenganisha kwa jinsia: "le mémoire" ni kazi ya kumalizia masomo, "la mémoire" ni kumbukumbu, pamoja na ile ya kompyuta. Kiswahili chetu hakina jinsia hiyo, kimechukua memwari moja tu, na muktadha ndio unaotuokoa. Hapa nitasema RAM.

GB 4 zinaruhusu mashini kuwaka. Kufanya kazi ni jambo lingine. Hesabu ndogo itaonyesha sababu. Rekodi ya WAV ya sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli moja, inakula baiti 88,200 kila sekunde, yaani karibu MB 5.3 kwa dakika na MB 317 kwa saa. Ukirekodi stereo, zidisha mara mbili. Ukipanda hadi 48,000 na biti 24 kwa stereo, saa moja inapita GB 1. Praat inapolisoma faili kwa njia ya kawaida inaliweka lote ndani ya RAM, na huko kila sampuli inachukua nafasi kubwa kuliko ndani ya faili. Mahojiano ya saa mbili na mzee mmoja yanaweza kuisimamisha mashini ya GB 4, hasa kama kivinjari kimeachwa wazi na kurasa kumi. Praat yenyewe inatoa njia ya kufungua faili refu, LongSound, inayoliacha kwenye disiki na kuleta kipande unachokitazama. Itumie. Hata hivyo nunua GB 8, au mashini yenye nafasi tupu ya kuongeza. T480 na 840 G5 zina nafasi mbili za RAM. Nyembamba sana, kama X1 Carbon au MacBook Air, RAM yake imechomelewa, na ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Kuhusu disiki sina maneno mengi. Kama ndani kuna ile ya kuzunguka, itoe uweke SSD. Hakuna badiliko lingine linaloifufua mashini ya zamani kiasi hicho. GB 256 zinatosha. Na kwa kuwa disiki yoyote, ya zamani au mpya, hufa bila kuaga, sauti ulizozirekodi kijijini zikae mahali pawili. Prosesa inanunulika tena. Sauti ya mzee aliyekusimulia ngano kwa Kisanga au Kilamba haina duka.

Jaribio la toni

Wauzaji hupenda kukuonyesha filamu ili uone jinsi mashini inavyokwenda. Mimi nawashauri wenzangu waandike maneno matatu ya Kilingala: moto (mtu), motó (kichwa) na mɔ́tɔ (kile ambacho Kiswahili nacho kinakiita moto). Mashini au programu isiyoweza kuyatofautisha itageuza data kuwa kelele, na msomaji wa kamusi yako hatajua kama mtu ameungua au kichwa kimeuma.

Ugumu uko wapi? Ó ina alama yake moja katika Unicode, kwa hiyo karibu fonti yoyote inaijua. Ɔ́ haina. Inaandikwa kwa alama mbili, herufi ɔ na kisha toni inayopanda juu yake, na fonti dhaifu huiweka toni pembeni au huchora kisanduku kitupu. Jambo hili halitegemei umri wa mashini. Linategemea mfumo na fonti, ndiyo maana mashini ya mwaka 2016 yenye mfumo wa sasa na fonti za Charis SIL au Doulos SIL, ambazo ni za bure, inaandika Kilingala au Kiciluba vizuri kuliko mashini mpya yenye fonti mbovu. Kwa kibodi kuna Keyman, ya bure pia. Na wanaotumia Linux wapitie orodha ya kibodi: kuna iliyoandikiwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye mpangilio wa AZERTY tuliouzoea, pamoja na ɛ, ɔ na alama za toni. Nilipoionyesha darasani, wengi hawakuwahi kujua kwamba iko.

Juu ya meza ya muuzaji

Yaliyobaki ni ya mikono. Zima mashini kabisa, iwashe tena na uingie kwenye BIOS: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe bila kubishana. Mashini hiyo bado ina mwenyewe, au angalau ina kufuli ambalo hutalivunja kirahisi. Ikiwezekana, iunganishwe na intaneti wakati wa kuisakinisha upya. Mashini iliyobaki katika daftari la kampuni fulani ya Ulaya itaomba anwani ya barua pepe ya kampuni hiyo, na hapo ukweli utajulikana.

Kwa betri, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Kama uliobaki haufiki nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei unayojadili. Anayekwenda vijijini aitazame T480 kwa jicho jingine: ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma inayotolewa na kurudishwa mashini ikiwa inawaka. Ukiwa na ya nyuma ya pili ndani ya mfuko, kukatika kwa umeme hakukatishi kikao cha kunukuu. Hiyo ndiyo sababu pia siwashauri wenzangu kompyuta za mezani, ingawa kwa pesa ileile zina nguvu zaidi.

Jaribu kila kitufe cha kibodi, kila tundu la USB, na tundu la visikilizio; manukuu ya toni kwa spika za laptopu ni kazi ya kubahatisha. Acha video icheze dakika kumi huku umeweka kiganja chini ya mashini. Ikichoma, feni imejaa vumbi au inakufa.

Faili la kusakinisha Linux Mint lina karibu GB 3, na hakuna haja ya kila mmoja wetu kulilipia mega zake. Nimeliweka kwenye disiki ya nje pamoja na Praat, ELAN, Keyman, fonti mbili nilizozitaja na orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Anayehitaji aje na fleshi tupu ya GB 8 chumba cha kusomea, Alhamisi baada ya somo la fonolojia.